Mkono wa Kushoto wa Kuzumi Tamae

Tokyo, 20 Juni 1968

Dada Tamae,

Ukiona karatasi hii ina masizi, usidhani nimehamia jikoni. Naandika kutoka ghorofa ya tatu ya Kitivo cha Sheria, jengo ambalo tangu wiki jana si la mkuu wa chuo tena, ni letu. Madawati tuliyokuwa tukisinzia juu yake tumeyafunga kwa nyaya na kuyarundika nyuma ya lango, na kwa mara ya kwanza yanafanya kazi yenye maana. Tuliuliza, hawakujibu. Tuliomba, wakacheka. Sasa tunabisha hodi kwa fimbo.

Jana walikuja askari wa kutuliza ghasia. Mmoja alimkamata Hatano, yule rafiki yangu mnene, akamgongesha uso ukutani mpaka ukuta ukabaki na chapa ya damu. Hatano alipozinduka aliuliza, "Yamebaki meno ya kutafunia wali? Basi tuendelee." Tulicheka huku moshi ukitutoa machozi.

Na si askari peke yao. Kuna Wanjano, lile kundi la kofia ngumu za njano, linalotaka kukaa mezani na mkuu wa chuo na kunywa chai yake. Hao wanadai muziki wa jazi, muziki wako, ni uchafu wa Wamarekani. Sisi Wekundu tuliwajibu bustanini. Wawili kati yao walibebwa.

Gazeti la muziki limeandika kwamba huko New York unapiga piano kwa ngumi na viwiko hadi nyuzi zinakatika. Nililisoma mbele ya wenzangu wote. Dada, ngumi hizo ni zetu! Ni nani mwingine aliyekitwaa chombo cha sebule za matajiri akakifanya kipige kelele kama mtu anayekanyagwa? Ukumbini humu kuna piano. Njoo uipige.

Mdogo wako,
Ryohei


New York, 9 Julai 1968

Mdogo wangu Ryohei,

Mama ameniandikia. Unajua hapendi kupoteza wino: "Mtoe humo akiwa hai. Hamsikilizi mtu ila wewe." Kwa hiyo hilo ndilo ninalolitaka kwako. Mengine yote katika barua hii ni mapambo.

Unazungumza juu ya viwiko vyangu kana kwamba ni ilani ya chama. Nikwambie vilikotoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, napiga piano katika klabu ya maofisa wa Kimarekani, kambini Tachikawa, ili wewe upate sare ya shule. Maofisa waliotoka Korea walikuwa wakilewa na kurushiana viti. Tulifundishwa kwamba bendi ikinyamaza, ugomvi hukua, kwa hiyo kiongozi wetu alijificha nyuma ya fidla kubwa ya besi na kunifokea, "Piga, binti! Usiache, piga!" Siku moja chupa ilipasuka karibu na jicho langu. Nikaufunika uso kwa kiganja cha kushoto, na kwa kuwa wimbo haukuwa na ruhusa ya kukatika, nikazipiga noti za chini kwa kiwiko. Hapakuwa na mapinduzi, Ryohei. Palikuwa na msichana aliyekuwa akilinda macho yake.

Wiki iliyopita Lucius Beale, mpiga ngoma wangu, alitoka nje wakati wa mapumziko kuvuta sigara, mbele ya mlango wa klabu ulioandikwa majina yetu wawili. Askari wawili walimwambia aondoke. Akasema, "Afande, nafanya kazi hapa." Walimpiga rungu la kifundo cha mkono, na alipoanguka wakaupiga tena mkono uleule, taratibu, kama watu wanaopigilia msumari. Mwenye klabu akanijia: "Bibie, watu wamelipa. Panda." Nilipanda peke yangu. Pale ambapo ngoma ya Lucius ingelia, niligonga ubao wa piano kwa ngumi. Wakasimama kunipigia makofi, wakidhani ni sanaa mpya. Nilitaka kuwatapikia.

Siji kupiga piano penye fimbo. Nimekwisha kuipiga penye fimbo maisha yangu yote. Toka humo, nenda kwa Mama.

Dada yako,
Tamae


Tokyo, 2 Septemba 1968

Dada,

Ulipanda! Damu ya mwenzako ipo mlangoni, mbichi, nawe ulipanda! Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Ulimpigia nani? Wale waliokuwa wakinywa wakati mtu anavunjwa mkono hatua chache kutoka kwenye viti vyao? Ungeshuka na kiti mkononi! Ungewasha moto mapazia! Hatano anakutetea. Anasema, "Mwache dada yako, ndugu, hata wewe ukisikia njaa unaacha mapinduzi ukachemsha tambi." Nimemwambia anyamaze. Akasema hana meno ya kufungia mdomo.

Ninyi wa kizazi chenu mlifundishwa kwamba bendi ikinyamaza ugomvi hukua. Sisi tunasema: acha ukue! Ukue mpaka wenye nyumba watoke nje kwa nguo za kulalia waulize kuna nini!

Tumeacha fimbo za mbao. Mbao huvunjika. Sasa tuna mabomba ya chuma, na Wanjano nao wanayo. Na juzi, katika vita vya ngazi ya maktaba, nilimsikia mtu akilia kwa sauti ya mtoto na sikutaka kujua kama alikuwa wa kwao au wa kwetu. Sisemi haya kwa majivuno. Wala sisemi kwa toba. Ndivyo ilivyo.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Ryohei


Buenos Aires, 30 Novemba 1968

Mdogo wangu,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa njiani, na kwa sababu nilikasirika. Hasira imekwisha. Sikiliza kwa nini.

Copenhagen walinipenda. Hamburg mtu mmoja alipanda jukwaani na kuufunga mfuniko wa piano kwa nguvu, vidole vyangu vikiwa ndani. Nilivivuta nikapoteza ukucha mmoja tu. Haya ni mambo ya kazi. Lakini hapa, juzi, katikati ya wimbo wa pili, wanajeshi waliingia ukumbini wakimtafuta mwanafunzi. Walimkuta katika safu ya tatu. Alikuwa amevaa miwani kama yako. Walimburuta kwa miguu kushuka ngazi, na kichwa chake kikagonga kila ngazi. Na sikio langu, sikio hili lililolaaniwa, likaipokea kila ngazi kama mdundo. Sikuweza kulizuia. Bado lingali linaupiga. Mwanamke mmoja wa safu za nyuma alikuwa akipiga kelele, "Jina lake nani? Mwambieni ataje jina lake!" maana huku mtu akiondoka bila kutaja jina, haulizwi tena popote.

Niliacha kupiga. Ulitaka niache, basi niliacha. Na unajua kilichotokea? Hakuna. Ukimya haukumwokoa kama ambavyo wimbo haukumwokoa.

Nimechoka kushindana nawe kwa maneno, kwa kuwa wewe ni fundi wa maneno na mimi sivyo. Nakuletea mkataba. Mwezi wa pili nitakuja Tokyo. Nitapiga piano yenu, ndani ya vizuizi vyenu, chini ya bendera yoyote mtakayo. Wimbo ukiisha, wewe na mimi tunatoka kwa lango na kwenda Hachioji kwa Mama, na hurudi tena. Apa.

Tamae


Tokyo, 16 Desemba 1968

Dada Tamae,

Naapa kwa mifupa ya Baba. Wimbo wa mwisho ukiisha, nitatoka nawe.

Piano nimeitafutia fundi wa kuirekebisha. Njoo tarehe tisa Februari, lango la magharibi, saa nane mchana. Nitawaambia walinzi: anakuja mwanamke, peke yake, mzuri kidogo, mkali sana. Watakupitisha.

Ryohei


Tokyo, 12 Februari 1969
Kwa Kuzumi Tamae, hospitali

Dada mpenzi,

Wauguzi wamenizuia mlangoni kwa sababu ya kofia yangu nyekundu. Kwa hiyo naandika. Wanjano wamefanya unyama usio na jina! Walijipenyeza hadi langoni kwetu, wakamvizia mwanamke asiye na silaha, wakavunja mkono ambao dunia nzima inausikiliza. Wenzangu wanalia waziwazi. Hatano hali chakula, na unajua hiyo ina maana gani.

Najua niliapa. Lakini wimbo haukupigwa, Dada, na nitawezaje kutoka sasa, ndugu zangu wakiwa wamevaa kofia kwa ajili yako? Nikitoka leo nitakuwa nimeuuza mkono wako. Vumilia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ryohei


Tokyo, 15 Februari 1969

Ryohei,

Nimeandika kwa mkono wa kulia. Mwingine umewekwa plasta hadi begani.

Hukuuliza jinsi nilivyokuja, nitakueleza. Mama aliogopa mawe. Asubuhi ile alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, Hachioji, akaninunulia kofia ngumu. Ilikuwa ya njano. Ndiyo rangi waliyokuwa nayo dukani, ndiyo wanayovaa waashi wote wa nchi hii. Alinifunga kamba yake kidevuni mwenyewe, akanizungushia usoni taulo mbichi kwa ajili ya moshi, akasema, "Sasa hata mimi nisingekujua." Kituoni muuza mboga alinitania, "Dada, leo unamwaga zege wapi?" Hakuna aliyeniambia kitu kingine. Nimeishi nje miaka mitano. Nilijua kutoka barua zako kwamba Wanjano ni watu. Sikuwa nimefikiri kwamba njano ni hukumu.

Pale langoni nilikuwa naishusha taulo ili nitaje jina langu. Bomba lilishuka kwanza. Nikainua mkono wa kushoto.

Sikuona aliyepiga. Daktari anasema vidole viwili vya mwisho havitakunjika tena, na cha katikati tutaona. Wiki ijayo narudi New York kwa upasuaji mwingine.

Sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja, kilekile. Toka.

Tamae


Tokyo, 21 Machi 1969

Dada,

Nakutumia kipeperushi chetu. Kichwa chake ni "Mkono wa Tamae." Tumechapa mpaka mashine ikashika moto. Kimebandikwa kwenye kila nguzo kuanzia kituo cha treni hadi mtoni, na vyuo vingine vitatu vimejiunga nasi kwa sababu yake. Hukupiga hata noti moja humu ndani, lakini hakuna onyesho lako, Dada, si New York, si Ulaya, lililowahi kuwainua watu wengi hivi!

Lazima pia nikwambie lililotokea kabla hujalisoma magazetini. Jumamosi tulivamia bweni la Wanjano kulipiza. Nilikuwa mbele na kipaza sauti. Nilikuwa nikilitaja jina lako, wenzangu walikuwa wakilirudia, na kwa kila kulirudia mlango mmoja ulivunjwa. Katika chumba cha kufulia tulimkuta mwanafunzi wa kilimo, mwaka wa pili, Muraoka Eisuke. Mtu alisema, "Huyu alikuwepo langoni." Mwingine akasema, "Ndiye." Yeye alisema, "Langoni wapi? Lango gani?" Aliendelea kuuliza hivyo muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuuliza.

Alifariki Jumapili asubuhi. Hatukukusudia. Historia haina mikono laini.

Ryohei


New York, 4 Aprili 1969

Wewe Ryohei,

Historia haina mikono. Muraoka Eisuke alikuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo.

Nilikuandikia kwamba sikuona aliyepiga. Niliona. Taulo ilikuwa imeshuka puani nilipoinua kichwa, na kabla ya bomba kuja nilisikia amri ikitoka juu ya rundo la madawati: "Njano! Mpigeni!" Ryohei, sauti hiyo niliilea mimi. Iliniamsha usiku ikitaka maji ilipokuwa na miaka mitatu. Aliyepiga ni Hatano. Uso ulipofunuka alilitupa bomba akatapika pale pale. Nawe ulishuka, ukapiga magoti, ukasema "Dada," mara moja tu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwako. Kisha ukainuka ukawageukia waliokuja mbio, na ulidhani nimezirai, na ukasema, "Wanjano wamemvunja mkono! Wamekimbilia mtoni!"

Nilinyamaza. Nilijua watakachokufanya wenzako wakijua. Nikadhani ukimya wangu utakununulia njia ya kutoka, kumbe ulikuwa unakununulia kipaza sauti. Sasa kuna mama huko ambaye mwanawe alikufa akiuliza lango gani, na watu pekee wanaoweza kumjibu ni mimi, wewe na Hatano.

Nimeandika yote katika barua ya kurasa mbili. Nimeipeleka kwa lile gazeti la muziki lililozisifu ngumi zangu. Wataichapa katika toleo la Mei, katikati ya mwezi. Nakala yako ni hii. Nakupa nafasi hiyo na si zaidi. Unaweza kupita nyuma, ukatoroka kabla hawajasoma. Sitakuita mwoga, nitakushukuru, na Mama atakushukuru. Au unaweza kuisoma mwenyewe mbele yao. Lakini usiniandikie tena kunieleza ni kwa nini uongo ni silaha. Silaha nimekwisha kuziona. Moja iko kifundoni mwangu, ina skrubu.

Unauliza kazi yangu? Hukuuliza. Nilipiga Chicago wiki jana, mkono wa kulia na dole gumba la kushoto. Baadhi walitoka katikati. Lucius, ambaye kifundo chake nacho hakikupona sawasawa, aliniambia nyuma ya jukwaa, "Dada yangu, kati yetu wawili tuna mikono miwili mizima. Ziko bendi zisizo na hata hiyo." Nilicheka mpaka nikalia. Kuna mwaliko wa Dakar mwezi wa saba, nimekubali. Nitajifunza upya kama mtoto. Muraoka hatajifunza kitu.

Tamae


Tokyo, 28 Aprili 1969

Dada,

Nilikuandikia majibu manne. La kwanza lilikuita msaliti. La pili liliwanukuu wanafalsafa. La tatu na la nne siwezi kukuambia. Nimeyachoma.

Nimejaribu kukifikiria kile nilichokisema pale langoni, na nimegundua kwamba sikukifikiria hata kidogo. Kilitoka kikiwa kimekwisha kupambwa, chenye mdundo, tayari kwa kipaza sauti. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ulilala miguuni pangu, na mdomo wangu ulikuwa tayari mkutanoni.

Nimemwonyesha Hatano nakala. Akaisoma, akairudisha, akasema, "Watatuua." Nikamwambia anaweza kutoroka kwa dirisha la maktaba. Akasema, "Na tumbo hili? Dirisha lile?" Kisha hatukucheka.

Sitapita nyuma. Kesho mchana kuna mkutano mkuu. Nitaisoma mimi.

Ryohei


Hachioji, 25 Mei 1969

Mwanangu Tamae,

Ryohei yuko hapa, yuko hai. Taya lake limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Sikio moja halisikii. Habari hizi nimezipata kwa yule rafiki yake mnene aliyemleta mgongoni hadi barabara kuu, naye ameumia mbavu. Alisema, "Mama, aliisoma yote. Walipoanza kumpiga alikuwa ukurasa wa pili, akaendelea kusoma. Nikaona basi na mimi nisimame, nikasema bomba lilikuwa langu." Alikaa jikoni kwangu akila wali wote huku analia. Sikumkataza kula, sikumkataza kulia. Kesho yake alikwenda polisi mwenyewe. Ryohei atakwenda Jumatatu. Amenionyesha siku kwa kidole kwenye kalenda, nami nimelinyoosha shati lake.

Ile kofia niliinunua mimi. Usiniandikie kunifariji.

Jana tulikwenda mimi naye nyumbani kwa akina Muraoka. Ni mbali, milimani, wanalima mulberi za kulisha viwavi wa hariri. Gazeti lenye barua yako lilikuwa limefika kabla yetu. Nililiona limekunjwa juu ya kabati la viatu. Nilibeba ubani. Baba wa marehemu alitoka, akatutazama, akarudi ndani, tukasikia akivunja kitu huko, kisha kingine. Mkewe akabaki amesimama mlangoni. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania, ana mikono kama yangu. Niliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, nikaanza kusema yale niliyoyapanga kwenye treni. Akanikatiza.

"Wewe nyamaza, mama. Sikukuuliza wewe." Akamtazama Ryohei. "Ni nani kati yenu aliyesema kwamba mwanangu ndiye aliyeuvunja mkono ule?"

Unajua jinsi mdogo wako alivyo na maneno. Aliufungua mdomo kwa kadiri waya ulivyomruhusu, ikatoka sauti tu, kama ya mtu anayesukutua. Akaufunga. Akainua mkono, wima, kama mwanafunzi darasani.

Yule mama aliutazama mkono huo muda mrefu. Nyuma yake bado vitu vilikuwa vikivunjika. Ryohei hakuushusha.

Kisha mama huyo akasogea pembeni ya mlango, akamwambia, "Vua viatu."

Mama yako